Namba 12 zinazomwambia dereva ukweli

(Uchambuzi huu ulisomwa kwanza redioni katika kipindi chetu cha kila wiki.)

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeupata uchambuzi huu gazetini, wiki hii nimeamua kuweka kando siasa na bei za vyakula ili nijibu swali la kijana mmoja wa hapa mjini. Ananiandikia kwamba kila jioni hushindana na wenzake katika mchezo wa kompyuta unaoiga mbio za magari. Gari lake huenda vizuri mizunguko mitatu ya mwanzo, halafu huanza kukataa kona, na wenzake humpita kama vile yeye amesimama kununua machungwa. Ameambiwa kwamba tatizo ni joto la matairi, na kwamba hana budi kulisawazisha. Sasa anauliza: ndani ya kompyuta hakuna tairi wala lami, je, hilo joto linatoka wapi? Na mtu analisawazishaje?

Mwishoni mwa barua yake ameongeza kwamba baba yake anaona mambo hayo ni upuuzi na upotezaji wa wakati.

Nimelipenda swali hili. Kwanza kwa sababu lina jibu lililo wazi, jambo ambalo ni nadra katika maswali ninayoletewa. Pili kwa sababu jibu lenyewe linamhusu pia yule baba, na linamhusu kila mmoja wetu anayepanda basi asubuhi kwenda safari ya mbali bila kujua amekalia matairi ya namna gani.

Mchezo uliokua

Tuanze na mchezo wenyewe. Michezo ya magari kwenye kompyuta ipo ya aina mbili. Ipo ile ya kufurahisha tu, ambayo gari hupaa, hugonga ukuta na kuendelea na safari. Na ipo ile inayojaribu kufuata sheria za fizikia, kiasi kwamba ukikanyaga mafuta ovyo katikati ya kona utajikuta unatazama ulikotoka. Hii ya pili ndiyo tunayoizungumzia leo.

Mwaka 1989 kampuni ya Papyrus ya Marekani ilitoa mchezo ulioiga mbio za Indianapolis za maili 500. Mwaka 1998 kampuni hiyo hiyo ikatoa Grand Prix Legends, ulioiga msimu wa mashindano ya Formula One wa mwaka 1967. Ulikuwa mgumu kiasi cha kuwakatisha tamaa wanunuzi wengi. Magari ya mwaka ule yalikuwa na injini zenye nguvu, matairi membamba, na hayakuwa na mabawa ya kuyakandamiza chini kama tunayoyaona siku hizi. Kilichoyashikilia barabarani ni mpira peke yake. Kati ya viwanja vilivyokuwamo ni Kyalami ya zamani, kule Afrika Kusini, ambako Januari 1967 John Love wa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, aliongoza mbio hadi karibu na mwisho, akalazimika kusimama kuongeza mafuta, na ushindi ukaenda kwa Pedro Rodríguez wa Meksiko.

David Kaemmer, mmoja wa waanzilishi wa Papyrus, baadaye alishiriki kuanzisha iRacing, mchezo uliofunguliwa kwa wachezaji mwaka 2008 na ambao watu hushindana kupitia intaneti. Virusi vya korona vilipofunga viwanja Machi 2020, madereva wa kweli wa NASCAR walihamishia mashindano yao humo, na televisheni ikayaonyesha. Kabla ya hapo, mwaka 2011, kijana wa Uingereza aitwaye Jann Mardenborough alishinda shindano lililowatafuta madereva miongoni mwa wachezaji wa Gran Turismo. Miaka miwili baadaye, mwaka 2013, alikimbia Le Mans akiwa na wenzake wawili, wakahesabiwa wa tatu katika kundi lao. Kwa hiyo huyo baba anayesema huu ni upuuzi ningemwomba apunguze sauti kidogo.

Joto ndani ya hesabu

Sasa, joto linatoka wapi wakati kompyuta haina tairi? Linatoka katika hesabu. Mamia ya mara katika kila sekunde, kompyuta hujiuliza: tairi hili limebeba uzito gani sasa hivi? Linateleza kiasi gani juu ya lami? Limeinama upande gani? Limejikunja kiasi gani? Kutokana na majibu hayo hupiga hesabu ya joto lililoingia, ikatoa joto lililopotea kwa upepo na kwa lami, na kinachobaki ndiyo namba unayoiona kwenye kioo.

Hesabu hizo hazikutungwa mezani tu. Kwa miaka mingi wataalamu wamechukua matairi ya kweli, wakayazungusha kwenye mashine, wakayakandamiza na kuyapinda, na kupima yanavyokamata na yanavyoachia. Profesa Hans Pacejka wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, alijulikana duniani kote kwa kanuni yake inayoeleza tabia hiyo kwa mistari michache ya hesabu. Wenzake waliiita kanuni ya miujiza, kwa sababu inalingana na vipimo kuliko walivyotegemea. Michezo mingi imeanzia hapo, kisha kila mtengenezaji akaongeza ya kwake.

Na katika tairi la kweli? Humo joto lina vyanzo viwili vikubwa. Cha kwanza ni msuguano: mpira unaposuguana na lami wakati wa kukata kona, kufunga breki au kuondoka kwa nguvu. Cha pili watu wengi hawakifikirii, nacho ni kujikunja. Kila tairi linapozunguka, sehemu inayogusa chini hubonyea, halafu hunyooka tena. Chukua kipande cha waya ukipinde na kukinyoosha mara nyingi haraka haraka, kisha kiguse pale ulipopinda. Utakuta ni cha moto. Tairi linafanya hivyo hivyo kila linapozunguka, kutwa nzima.

Mpira wa tairi la mashindano ukiwa baridi huwa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani, na hauing'ang'anii lami. Ukipata joto lake unalainika, unajibana katika vijitundu vya lami na kushika. Ukizidi kupata moto unakuwa kama sabuni, na wakati mwingine hutoka malengelenge na kuanza kubanduka. Kwa matairi mengi ya mashindano ya viwanja vya lami, joto zuri lipo kati ya nyuzi 80 na 100 za sentigredi, kutegemea aina ya mpira. Ndiyo maana katika Formula One matairi hufunikwa mablanketi ya umeme kabla ya kufungwa kwenye gari. Mwaka 2022 joto linaloruhusiwa la mablanketi hayo lilishushwa hadi nyuzi 70, na madereva wakalalamika kwamba wanatoka na matairi ambayo hayajaamka.

Tairi moja, namba tatu

Hapa sasa ndipo tunaingia jikoni. Gari lina matairi manne, lakini fundi wa mashindano hapimi joto mara nne. Anapima mara 12. Kila tairi analipima sehemu tatu: ukingo wa ndani, yaani ule unaoelekea katikati ya gari, kisha katikati ya uso wa tairi, kisha ukingo wa nje. Katika uwanja wa kweli hutumia kipimajoto chenye sindano, anakichoma kidogo kwenye mpira mara tu gari linaposimama. Katika mchezo wa kompyuta namba hizo 12 unazikuta zimepangwa kwenye ukurasa wa matengenezo ya gari.

Wachezaji wengi huzitazama wakaona ni pambo. Kumbe ndiyo barua ambayo matairi yamewaandikia. Tuisome pamoja, na tuisome kwa mpangilio, maana anayebadilisha mambo manne kwa wakati mmoja hatajua ni lipi lililomponya na lipi lililomwua.

La kwanza ni upepo. Tairi lenye upepo mwingi hutuna katikati kama kitumbua, kwa hiyo sehemu ya katikati ndiyo inayobeba mzigo na kupata moto. Tairi lenye upepo mdogo hufanya kinyume: katikati hubonyea, kingo mbili ndizo zinazobeba. Basi chukua joto la ukingo wa ndani na la ukingo wa nje, ujumlishe, ugawe kwa mbili. Jibu lilinganishe na joto la katikati. Kama katikati kumezidi jibu hilo, punguza upepo. Kama katikati kumepungua, ongeza. Tuseme ukingo wa ndani una nyuzi 86, wa nje nyuzi 84, na katikati nyuzi 90. Wastani wa kingo ni 85, katikati kumezidi kwa nyuzi 5. Tairi hilo limejazwa kupita kiasi.

Lakini angalia, upepo wenyewe hubadilika kadiri tairi linavyopata joto. Hewa iliyofungiwa ikipashwa hutafuta nafasi, isipoipata inasukuma. Kwa tairi la kawaida, kila joto linapopanda kwa nyuzi 5 au 6, upepo huongezeka kwa karibu pauni 1. Kwa hiyo dereva wa mashindano hajali sana gari lilikuwa na upepo gani lilipoondoka. Anajali una kiasi gani baada ya mizunguko mitano au sita, matairi yakiwa yamekwisha tulia. Hapa ndipo penye jibu la nusu ya swali la kijana wetu: gari linaloenda vizuri mizunguko mitatu na kuharibika baadaye, mara nyingi limejazwa upepo unaofaa kwa tairi la baridi, na tairi likipata moto upepo unakuwa umezidi.

La pili ni mwinamo wa gurudumu, ambao mafundi wetu huuita kemba. Ukilitazama gari la mashindano kwa mbele utaona magurudumu yake yameinama, juu yakielekea ndani na chini yakiwa yametoka nje, kama mtu aliyetanua miguu kuzuia goli. Si kwamba yamepinda kwa ajali. Gari linapokata kona hulalia upande wa nje, na gurudumu la upande huo hulazimishwa kusimamia ukingo wake wa nje. Likiwa limeinamishwa mapema kuelekea ndani, basi katikati ya kona, pale mzigo ulipo mkubwa, tairi linakanyaga kwa upana wake wote.

Hata hivyo kila kitu kina gharama yake. Katika barabara iliyonyooka, gurudumu hilo lililoinama hukanyagia ukingo wa ndani, na ukingo huo unaendelea kupata joto wakati ule wa nje unapoa. Kwa sababu hiyo, tairi lililopangwa vizuri halina joto sawa kabisa toka ndani hadi nje. Ukingo wa ndani huzidi ule wa nje kwa nyuzi kati ya 5 na 10 hivi. Ukikuta ukingo wa nje ndio wenye moto zaidi, ongeza mwinamo. Ukikuta wa ndani umezidi mno, punguza. Neno kusawazisha lisitupotoshe basi. Tunachotafuta ni kila sehemu ya tairi ifanye kazi yake, na namba zilizolingana si lazima ziwe dalili ya hilo.

Mbele na nyuma, kushoto na kulia

Baada ya kulisoma tairi moja moja, sasa tunayalinganisha. Tafuta wastani wa matairi mawili ya mbele, halafu wa yale ya nyuma. Kama ya mbele yana moto kuliko ya nyuma kwa tofauti kubwa, maana yake yanafanya kazi ya kupita kiasi: unakata usukani lakini pua ya gari inakataa na kutaka kwenda moja kwa moja. Kama ya nyuma ndiyo yenye moto, mkia unataka kuchomoka, au mguu wako wa kulia ni mzito mno kwenye mafuta unapotoka katika kona.

Dawa ipo katika springi na katika ile fito ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ambayo wengine huiita stabilaiza. Upande wa gari ulio mgumu zaidi hubebeshwa sehemu kubwa ya mzigo unaohama wakati wa kona. Kwa hiyo pua inapokataa kona, lainisha mbele kidogo au kaza nyuma kidogo. Mkia unapochomoka, fanya kinyume.

Kushoto na kulia hali ni nyingine. Huko tofauti haikwepeki, kwa sababu inatokana na uwanja wenyewe. Uwanja unaozunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, kama Kyalami ile ya zamani au Silverstone ya Uingereza, una kona nyingi za kulia, na matairi ya kushoto ndiyo yanayobeba gari. Lazima yawe na moto zaidi. Indianapolis, katika mbio zile za maili 500, madereva hukata kona za kushoto tu kuanzia asubuhi hadi mwisho; huko tairi la mbele kulia ndilo mtumwa wa gari zima. Kosa la wanaoanza ni kutaka kushoto na kulia kulingane. Badala yake, tumia upepo tofauti: lile tairi litakalopata moto zaidi liondoke na upepo mdogo kidogo, ili yote yakishapata joto yafike mahali pamoja.

Tufanye mfano mmoja. Tuseme katika uwanja wa kona nyingi za kulia, tairi la mbele kushoto linasoma nyuzi 88 ndani, 93 katikati na 98 nje. Upepo uko sawa, maana wastani wa 88 na 98 ni 93. Tatizo ni mwinamo: ukingo wa nje unaungua na wa ndani umelala. Ongeza mwinamo nusu nyuzi, rudi uwanjani, zunguka mara tano au sita tena. Sasa tairi linasoma 95, 92 na 89. Ndani kumezidi nje kwa nyuzi 6, katikati kumekaa pake. Hapo ndipo unapogeukia ya nyuma. Ukikuta wastani wake ni nyuzi 80 wakati wa mbele ni 92, unajua mbele kunachoka peke yake, na sasa unalainisha stabilaiza ya mbele hatua moja. Hatua moja tu, halafu unapima tena.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza, uso wa tairi hupoa haraka sana. Ukimaliza mizunguko yako kisha ukarudi taratibu kituoni ukipunga mkono, namba utakazozikuta ni za matembezi yako, si za mashindano. Soma mara tu baada ya kukimbia kwa kasi. Ya pili, namba hazimlaumu mwenye gari wala fundi, lakini zinamfichua dereva. Anayekata usukani kwa nguvu kupita kiasi huyachoma matairi ya mbele, hata gari likiwa limepangwa na malaika. Wawili wanaweza kuendesha gari lile lile, lenye matengenezo yale yale, na mmoja akarudi na nyuzi 12 zaidi mbele. Huyo hahitaji springi mpya, anahitaji mkono mwepesi. Na hakimu wa mwisho siku zote ni saa. Joto likipendeza na muda ukawa mbaya, bado hujashinda kitu.

Mchezo unapoishia

Ndugu msikilizaji, mpaka hapa tumezungumzia mashindano ambayo mtu akikosea anabonyeza kitufe na kuanza upya. Nje ya kompyuta kitufe hicho hakipo.

Tarehe 30 Juni 2013, katika mbio za Formula One pale Silverstone, matairi yalipasuka moja baada ya jingine kwa mwendo wa kasi. Lewis Hamilton, Felipe Massa na Jean-Éric Vergne, wote watatu lilipasuka lile la nyuma kushoto. Kampuni ya Pirelli iliyoyatengeneza ilitaja sababu: matairi ya nyuma ya kulia yalifungwa kushoto na ya kushoto yakafungwa kulia, upepo uliwekwa mdogo mno, magurudumu yaliinamishwa kupita kiasi, na kingo za uwanja zilikuwa kali. Yaani yale yale tuliyokuwa tukiyazungumza, ila yalipitilizwa kwa tamaa ya kupata sehemu ya kumi ya sekunde. Bahati nzuri hakuna aliyeumia.

Wasafiri wa kawaida hawakuwa na bahati hiyo. Mwezi Agosti 2000, kampuni ya Firestone iliyaita kurudi matairi milioni 6.5 huko Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Uso wa tairi ulikuwa ukibanduka gari likiwa mbioni, hasa katika majimbo ya joto, na gari linapinduka. Serikali ya Marekani ilihesabu vifo zaidi ya 270. Ford ilisema ubovu ni wa tairi. Firestone ikajibu kwamba gari lenyewe lilikuwa jepesi kupinduka, na kwamba Ford iliwashauri wenye magari kuweka upepo wa pauni 26 tu, wakati yenyewe iliona 30 ndiyo salama zaidi. Walibishana hadi wakavunja biashara iliyokuwa na umri wa karibu miaka 100. Lakini juu ya jambo moja hapakuwa na ubishi: tairi lenye upepo mdogo, lililobeba mzigo mzito, likikimbia siku ya joto, hujikunja sana, hujipasha moto lenyewe kutoka ndani, na hatimaye huachana. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria, na matokeo yake mojawapo ni zile taa za dashibodi zinazoonya kwamba tairi limepungua upepo.

Magari mengi tunayopanda sisi hayana taa hiyo, au inayo lakini imekufa siku nyingi. Hata hivyo mafunzo ya yule kijana na namba zake 12 tunayo bure kabisa, tena bila kipimajoto.

Kwanza, pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva ni ya tairi la baridi. Wapo madereva wanaosimama njiani jua la saa saba, wakapima, wakakuta upepo umepanda, wakaanza kuupunguza wakidhani wanajiokoa. Wanajiangamiza. Upepo ule ulipanda kwa sababu ya joto, na huo ndio utaratibu wake. Ukiupunguza, tairi litajikunja zaidi, litapata moto zaidi, na likipoa jioni utakuta limebaki na upepo pungufu.

Pili, gari linaposimama kituoni, pitisha kiganja karibu na kila tairi. Likiwapo moja lenye moto kuliko wenzake, lina jambo la kukuambia: ama limepungua upepo, ama breki yake haiachii, ama beringi inakufa. Kwa lori na basi lenye matairi mawili mawili nyuma, angalia kwa makini zaidi, kwa maana moja likiishiwa upepo pacha wake hubeba mzigo wa wawili huku kwa nje vyote vikionekana salama.

Tatu, soma namna tairi linavyolika. Kipara cha katikati ni upepo mwingi. Kipara cha kingo zote mbili ni upepo mdogo. Kipara cha upande mmoja ni mwinamo au alaimenti. Kulika ni historia ya joto iliyoandikwa taratibu, na haihitaji kompyuta kuisoma. Dalili ya mvua ni mawingu.

Ningependa baba wa kijana yule aketi naye jioni moja, amwombe amfafanulie zile namba 12. Halafu asubuhi watoke wote wawili na kipimo cha upepo, wakapime matairi ya gari la nyumbani kabla halijawashwa. Kama hawana gari, wampime kwa macho dereva wa basi wanalopanda, na wakiona tairi limekuwa kipara wamwulize kwa heshima. Abiria ana haki ya kuuliza.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena wiki ijayo.